Sura ya Tano: Mtoto Akihama, Nani Anajua Alikofika?

Kila nikizungumza na watu wa Kericho na Bomet kuhusu shule, kuna swali ambalo halikosi. Huliuliza mama muuza ndizi pale Kapsoit, dereva wa matatu ya Litein, hata walimu wenyewe: elimu ya msingi si ni bure tangu 2003? Basi mbona huyu mtoto anashinda katika kambi ya wachuma chai saa nne asubuhi, siku ya Jumatano?

Jibu la haraka huwa ni umaskini, au wazazi wazembe. Lina kipande cha ukweli ndani yake, ndiyo maana halifi. Lakini keti na huyo mtoto umuulize muhula uliopita alikuwa wapi. Atakwambia alikuwa Gredi ya 4 upande wa Konoin. Na kabla ya hapo? Kwa nyanya yake, Nyamira. Basi huyu si mtoto ambaye hajawahi kuona mlango wa darasa. Ameandikishwa mara mbili, na mara mbili jina lake limebaki nyuma yeye akaondoka.

Sura hii inahusu nafasi hiyo iliyo katikati ya shule mbili. Katika nchi ya chai, mara nyingi haki ya elimu hupotelea njiani, mlango mmoja ukishafungwa na wa pili kabla haujafunguliwa.

Kufuatilia ni nini?

Kufuatilia haki ni kuangalia, tena na tena, kama kile kilichoahidiwa kinamfikia aliyeahidiwa. Mkulima wa chai halihitaji somo hilo. Hatupi majani yake kituoni na kwenda zake. Husimama kando ya mizani, husoma kilo, huweka risiti, na bonasi ikitangazwa hukaa chini na kujumlisha mwaka mzima. Kilo tatu zikipotea, atajua, na karani atajua kwamba amejua.

Mtoto akipotea kati ya shule mbili hakuna mizani wala risiti.

Haki yenyewe imeandikwa wapi?

Hapa sitakaa sana, maana upande wa maandishi Kenya haina deni kubwa. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ambaye mtoto wake ni Mkenya, au anaishi Kenya, ahakikishe anakwenda shule. Soma tena maneno hayo: *au anaishi Kenya*. Sheria haikuuliza mtoto alizaliwa Sotik, Juba au Goma. Inaikataza shule ya umma kumbagua mtoto wakati wa kumpokea, na inakataza kumtoza mzazi pesa ili mtoto apate nafasi.

Yako maneno matatu ambayo watu huyachanganya:

- *Mhamiaji* ni mtu aliyehama kutafuta riziki, ndani ya nchi au nje yake.
- *Mkimbizi* amevuka mpaka wa nchi akikimbia vita au mateso.
- *Mkimbizi wa ndani* amekimbia vilevile, ila hajavuka mpaka. Kenya ina sheria yake maalumu ya kumlinda, ya mwaka 2012.

Kwenye karatasi hao ni watu watatu. Kericho nimekutana na familia ambayo imepitia mawili kati ya hayo katika kizazi kimoja: baba alikuja kuchuma chai kama mhamiaji, akaondoka kama mkimbizi wa ndani, na miaka michache baadaye akarudi tena kuchuma chai.

Kwa nini nchi ya chai ina watu wa kuhamahama?

Chai ya mashamba makubwa ilianza Kericho katikati ya miaka ya 1920, walipoingia Brooke Bond na James Finlay. Ardhi ilikuwa ya Wakipsigis, na sehemu kubwa ya waliokuja kuichuma walitoka kwingine: Gusii, Nyanza, Magharibi. Nchi hii haikupokea watu tu; iliwahi pia kuwafukuza watu wake. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliuhamisha ukoo wa Talai kutoka hapa hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Kuhama, basi, hakukuanza jana.

Nyumba ya kambini hufuata kazi. Kandarasi ikiisha, ufunguo unarudi ofisini na familia inatoka, iwe ni katikati ya likizo au wiki mbili kabla ya mtihani. Kandarasi za vibarua wa msimu hazifuati kalenda ya Wizara ya Elimu. Hufuata mvua, maana mvua ndiyo huleta majani.

Upande wa wakulima wadogo, wanaopeleka majani kwa viwanda vya shirika la chai la KTDA kama Litein, Kapkatet au Mogogosiek, mchumaji huishi kwa kilo. Na hapa kuna jambo ambalo wageni huliona la ajabu: mvua ya mawe. Kericho ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mawe ya nusu saa yanatosha kuyachana majani machanga ya kilima kizima. Mkulima atangoja wiki kadhaa chai ichipuke tena. Mchumaji hawezi kungoja, kwa sababu kodi haingoji. Atafunga godoro, atavuka kilima kwenda upande ambao mawe hayakufika, na watoto wataandamana naye. Mwalimu ataona kiti kitupu Jumatatu, wala hatajua kwamba kiliachwa wazi na mawingu ya Alhamisi.

Kisha zikaja mashine za kuchumia. Mashine moja hufanya kazi ya mikono mingi, na mikono hiyo ilikuwa na watoto shuleni. Hasira ilifikia kiwango kwamba mwezi Mei 2023 mashine zilichomwa katika mashamba ya Kericho. Magazeti yaliandika juu ya mashine, kampuni na polisi. Habari ya madarasa yanayopungua watoto kambi ikipungua watu haina moshi, kwa hiyo hakuna anayekuja kuipiga picha.

Kwa ufupi: katika nchi ya chai mtoto huhama kwa sababu kazi imehama, na kazi huhamishwa na mvua, kandarasi na mashine. Hakuna kati ya hivyo kinachomwarifu mwalimu mkuu.

Rejista humwona aliyepo

Kila shule ina rejista ya mahudhurio, ule mkeka wa majina na alama za kila siku. Ni chombo kizuri, ila kina upofu wake: humwona aliyepo na humwona asiyekuwepo leo, kisha baada ya wiki kadhaa jina hukatwa kwa mstari na kuandikwa "amehama". Neno hilo moja hufunga mjadala. Amehama wapi? Amefika? Ameanza kusoma?

Sheria haikulisahau hili kabisa. Mwanafunzi asipohudhuria, mwalimu mkuu anatakiwa kuchunguza sababu, na akiona hakuna sababu ya maana, ampe mzazi onyo la maandishi na kuiarifu bodi ya elimu ya kaunti. Tatizo ni kwamba sheria hiyo ina picha ya mzazi anayekaa mahali pamoja. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu na kambi anaweza kwenda na barua yake mkononi hadi kwenye mlango wa nyumba ya kambini, akafunguliwa na familia nyingine kabisa iliyoingia juzi. Onyo halina wa kupokea.

Mwaka 2017 serikali ilileta mfumo wa kompyuta uitwao NEMIS, yaani daftari moja la taifa la wanafunzi wote. Kila mtoto alitakiwa kupewa namba yake ya pekee, na namba hiyo ilijengwa juu ya cheti cha kuzaliwa. Wazo lilikuwa jema: mtoto akihama, shule ya zamani imwachilie kwenye mfumo na shule mpya impokee. Sasa serikali inahamia mfumo mwingine, KEMIS, kwa ahadi kwamba utaziba mianya.

Mwanya ulikuwa wapi? Fuata pesa. Serikali imepanga kutuma shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, 15,042 kwa wa sekondari msingi, na 22,244 kwa wa sekondari. Mgao huo hufuata jina lililo kwenye mfumo. Shule iliyompoteza mtoto haina haraka ya kulifuta jina lake, kwani kulifuta ni kupunguza mgao. Shule iliyompokea bila cheti inamfundisha kwa chaki ya wengine. Simlaumu mwalimu mkuu mmoja mmoja. Mfumo unaomlipa mtu kwa kunyamaza utapata watu wengi walionyamaza.

Matokeo yake ni kichekesho ambacho hakichekeshi. Tuna wanafunzi hewa, majina yasiyo na miili. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliripoti hata pesa zilizotumwa kwa shule ambazo hazipo. Na tuna watoto wenye miili, viatu vyao vina tope la Bomet, wasiokuwa na jina popote. Ukijumlisha makundi hayo mawili, hesabu ya taifa inaweza kutoka sawasawa kabisa, na bado iwe ya uongo mara mbili.

Sasa fikiria mazungumzo haya katika ofisi ya shule yoyote.

"Mama, cheti cha kuzaliwa kiko wapi?"

"Mwalimu, kilibaki kwa nyanya yake."

"Na barua ya kuhama?"

"Tulitoka Ijumaa jioni, mwalimu. Ofisi ilikuwa imefungwa."

"Basi lete moja, mama. Moja tu."

Mama anaenda kutafuta. Nauli ya kwenda na kurudi Nyamira ni siku kadhaa za kuchuma. Anaamua kungoja mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi una mambo yake. Kama mtoto hakuandikishwa ndani ya miezi sita tangu azaliwe, kuna mlolongo mwingine wa usajili wa kuchelewa, wenye ushahidi wa ziada. Hakuna mtu katika hadithi hii aliyesema mtoto asisome. Kila mmoja alisema "lete karatasi kwanza", na muhula ukaisha.

Waliojistiri kwa jamaa

Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, ghasia zilifika hadi ndani ya mashamba ya chai. Wafanyakazi waliotoka nje ya Kericho, wengi wao Abagusii, walishambuliwa kambini. Baadaye wafanyakazi na wakazi 218 wa mashamba ya Unilever walipeleka madai yao London, wakisema kampuni haikuwalinda. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikaamua kwamba kesi dhidi ya kampuni mama haiwezi kuendelea.

Nchi nzima, Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133, na serikali ilihesabu zaidi ya watu 600,000 waliohama makwao. Karibu nusu yao hawakuishi katika hema. Walikwenda kwa shangazi, kwa wakwe, kwa rafiki wa zamani. Hao ndio waliojistiri kwa jamaa, na Kisii na Nyamira zilijaa watu wa namna hiyo.

Tazama kilichofuata. Palipokuwa na hema palikuja pia msaada na kalamu ya kuandika majina: watoto wangapi, wa rika gani, nani hana daftari. Mtoto aliyelala sakafuni kwa shangazi yake Keroka alikuwa nje ya hesabu hiyo. Shule za huko zilipokea wageni wengi, na heshima yao walimu hao waipate. Lakini ni wangapi hawakubisha hodi kabisa? Hakuna aliyekuwa na orodha ya kuwatafuta, kwa kuwa shule walizotoka Kericho hazikujua walikoelekea.

Miaka kumi baadaye mkondo uligeuka. Mwaka 2018 na tena 2019 serikali iliwaondoa maelfu ya watu katika msitu wa Maasai Mau, upande wa Narok. Wengi wao walikuwa Wakipsigis, na baadhi walirudi kwa jamaa zao Bomet. Shule zilizokuwa msituni zilifungwa. Safari hii mtoto aliyefika na begi bila barua alikuwa wa hapa hapa. Nililiona hilo kama somo kwa wanaodhani mambo ya wakimbizi ni ya watu wengine.

Mbona habari za Kakuma ziingie humu?

Msomaji atauliza: wakimbizi wa kweli si wako Kakuma na Dadaab? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Dadaab ilianza 1991, Kakuma 1992, na Kericho haina kambi ya wakimbizi.

Lakini linganisha. Mtoto wa Sudan Kusini aliye Kakuma ana familia iliyosajiliwa, ana namba, ana shirika la Umoja wa Mataifa linaloulizwa kila mwaka wangapi wanasoma. Madarasa yake yamefurika kupita kiasi, sitaki kuyapamba. Ila mtu akitaka kujua kama yumo au hayumo, yupo wa kuulizwa. Mtoto wa mchumaji chai wa msimu, raia mwenye Katiba yake, hana wa kuulizwa. Amehesabiwa kidogo kuliko mkimbizi.

Na njia zao zinakaribia kukutana. Desemba 2017, huko Djibouti, nchi za jumuiya ya IGAD ziliahidi kuwaingiza watoto wakimbizi katika mifumo ya kawaida ya elimu ya taifa. Mwezi Machi 2025 Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, wa kugeuza kambi ziwe makazi ya kawaida. Ni ahadi njema. Ila kuingizwa katika mfumo wa kawaida ni kuingizwa pia katika mwanya wake. Mkimbizi akipata kibali cha kufanya kazi na kuhama kuifuata kazi, mwanawe atakuwa sawa na yule mtoto wa Konoin: shule mbili, na katikati hakuna mtu.

Kuingia darasani peke yake hakutoshi

Katarina Tomaševski, aliyekuwa mtaalamu wa kwanza wa Umoja wa Mataifa wa haki ya elimu kuanzia 1998, alitoa kipimo rahisi cha mambo manne. Shule iwepo. Ifikike. Ikubalike, maana yake anachokutana nacho mtoto ndani kiwe cha kumfaa. Na ijirekebishe ili imfuate mtoto, badala ya mtoto kulazimika kuifuata. Nchi ya chai hufanya vizuri kwenye la kwanza: kambi nyingi za mashamba zina shule karibu. Mashaka yako kwenye mawili ya mwisho.

Chukua lugha. Sera inasema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Kambini, walikochanganyikana Mkisii, Mluo, Mluhya na Mkipsigis, Kiswahili huchukua nafasi hiyo bila ubishi. Sogea kilomita chache hadi shule ya kijijini na eneo lina lugha yake, Kikipsigis. Mtoto wa Gredi ya 2 aliyetoka Nyamira anasalimiwa "chamgei" na darasa zima linajibu, yeye anatazama midomo. Rejista itasema alihudhuria siku hiyo.

Au chukua alama. Zamani mtihani mmoja wa mwisho uliamua kila kitu, na jambo hilo, pamoja na ukatili wake, lilimfaa mtoto wa kuhama: angeweza kupita shule nne na bado akakaa mtihani mmoja. Sasa, chini ya mtaala mpya, katika tathmini ya mwisho wa Gredi ya 9, mtihani wenyewe ni asilimia 60. Asilimia 20 hutoka tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 nyingine hutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Alama hizo za shuleni huwekwa na shule aliyokuwepo mtoto wakati huo. Kama alikuwa njiani, nani aliziweka? Sipingi mtaala mpya. Nasema umepandisha bei ya kuhama, na mlipaji hakuulizwa.

Tuhesabu nini, na nani ahesabu?

Ningekuwa na uwezo wa kuongeza safu moja tu katika rejista za Kericho na Bomet, ingekuwa hii: *amefika wapi*. Na jina lisikatwe mpaka safu hiyo ijazwe. Ukitaka kujua kama shule ya jirani yako inamfuatilia mtoto wa kuhama, maswali haya yanatosha:

1. Muhula huu wameondoka wangapi, na kati yao wangapi shule mpya imethibitisha kuwapokea?
2. Waliofika bila karatasi wamekaa darasani tangu siku ya kwanza, au wako nyumbani wakingoja cheti?
3. Ni siku ngapi zilipita kati ya shule ya zamani na mpya?
4. Alama za tathmini zilimfuata?

Swali la tatu ndilo ninalolipenda. Siku tano ni safari, lakini siku sitini ni haki iliyovunjwa, hata kama mwishoni mtoto alipokelewa kwa tabasamu.

Nani aulize? Mwalimu mkuu ana simu, na mwalimu mkuu wa pili ana simu. Mara nyingi kazi nzima ni mazungumzo ya dakika mbili. Ofisi ya shamba inajua kandarasi zinaisha lini, hivyo inaweza kuiarifu shule wiki mbili mapema bila gharama yoyote. Naibu chifu na wazee wa Nyumba Kumi wanajua nani ameingia kijijini jana.

Ila hapa pana tahadhari. Naibu chifu huyo huyo ndiye anayekuja na askari, na mzazi asiye na kitambulisho, awe mkimbizi au Mkenya aliyekipoteza kwenye ghasia, akiona daftari la majina atafunga mlango. Nimeona uandikishaji wa nia njema ukigeuka msako machoni pa wanaoandikishwa, na watoto wakahama tena usiku. Hesabu ya shule isimuulize mzazi hali yake ya ukaaji. Imuulize jambo moja, mtoto yuko gredi gani, kisha imwonyeshe njia ya shule.

Wewe msomaji, muhula ukifunguliwa, ngoja wiki ya pili, halafu pita kwa mwalimu wa darasa la mwanao. Mwombe akutajie waliokuwepo muhula uliopita na sasa hawapo. Kwa kila jina, uliza alikofika. Likikosekana jibu la jina moja, mpelekee naibu chifu jina hilo la mtoto peke yake siku hiyo hiyo, na Ijumaa urudi kuuliza tena.